Sabasaba Kigoma na watoto: makumbusho ya Ujiji yanatosha?

MamaWawili: Habarini wadau wa mwisho wa reli. Tumetoka Tabora na treni, tuko Mwanga kwa shemeji yangu, na Sabasaba nataka niwatoe watoto (miaka 9 na 5), maana jua lenyewe hili kukaa ndani ni dhambi. Nawaza makumbusho ya Livingstone Ujiji asubuhi, mchana ufukweni. Shemeji anacheka, eti pale ni masanamu mawili na miembe basi. Kweli? Na hifadhi ya sokwe ya Gombe je?

Kibirizi_boy: Dada Gombe futa kwanza. Hakuna barabara, ni boti tu, na watoto wadogo hawaruhusiwi kupanda kufuata sokwe, utatoa hela yako mkaishie kukaa ufukweni. Kama ni kuogelea nendeni ufukwe wa Jakobsen, maji meupe mpaka unaona samaki miguuni. Asubuhi lakini, miezi hii upepo ukianza mawimbi si ya kuchezea.

Mjiji og: Shemeji wako ana lake jambo 😂 Masanamu yapo ndio, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone yule mmisionari, wanasalimiana, 1871 hiyo, na watoto wanayapenda kweli. Ila usiishie kupiga picha. Mwambie yule mtembezaji awaeleze habari za watumwa na pembe za ndovu, kwamba watu walitembezwa kwa miguu kutoka hapa wakapita hukohuko kwenu Tabora mpaka Bagamoyo. Halafu Susi na Chuma, wasaidizi wa Livingstone, ambao mimi naona ndio walistahili sanamu, mzee alipofariki 1873 huko Zambia ya leo walimbeba mpaka pwani na wakapita Kwihara, na watoto wa Tabora Kwihara si ni pua na mdomo? Wapeleke mkirudi.

Jingine, mtoto atakuuliza ziwa liko wapi, maana mnara wa hapo makumbusho uko mbali na maji. Enzi hizo ziwa lilikuwa juu zaidi, baadaye maji yakafungua njia mto Lukuga upande wa Kongo yakashuka. Kwahiyo shukeni kwa miguu mpaka mwaloni mkaone mafundi wanavyounda mitumbwi ya mbao, wangu walinigomea kuondoka pale.

mama ntilie mstaafu: Mmesahau tumbo nyie. Migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo, uliza bei kabla hujakaa, siku ya sikukuu inapanda. Kofia na maji usisahau.

MamaWawili: Asanteni sana ndugu zangu, basi Jakobsen asubuhi, Ujiji jua likipungua. Huyu mkubwa nimemsomea hapa kashaanza, eti kwa nini Stanley hakupanda treni kama sisi?

Mjiji og: Mwambie reli imefika Kigoma 1914, angesubiri sana 😂