Pampu ya insulini iliyotumika kutoka Uingereza: mtoto anachoma Mixtard, tuipokee?

MamaKigamboni:
Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa wenye ujuzi. Mtoto ana miaka 11, kilo 34, kisukari aina ya kwanza. Anachoma Mixtard 30/70, yuniti 18 asubuhi na 10 jioni. Insulini tunapewa kliniki, stripu za kupimia sukari ndizo zinazotutesa. Shangazi yake yuko Leicester, amepewa pampu mpya na anataka kututumia ile ya zamani pamoja na maboksi mawili ya mipira ya kupitishia insulini, kila boksi seti 10. Naweza kuiwekea Mixtard? Hivyo vifaa vitatosha muda gani? Halafu bibi yake mtoto anasema mashine itamlemaza, kwamba ugonjwa umeletwa na pipi, tukate sukari na tumpe unga wa mlonge atapona. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

Nesi_Kliniki:
Dada, Mixtard usiiweke kwenye pampu hata kwa kujaribu. Ile rangi ya maziwa unayoiona ukikiviringisha kichupa ni chembe za insulini inayokaa muda mrefu, na pampu haitumii insulini ya namna hiyo. Inatumia ya haraka peke yake: aspart, lispro au glulisine. Inaidondosha kidogo kidogo usiku na mchana, na mtoto akitaka kula unabonyeza kipimo cha chakula. Actrapid, insulini nyingine ya kliniki, ni angavu kama maji, lakini nayo karatasi yake ya maelekezo inakataza isitumike kwenye pampu. Kwa hiyo kabla shangazi hajafunga kifurushi, waulize kliniki kama wanaweza kukupa insulini ya haraka kila mwezi bila kukatika. Wakisema hapana, pampu itakuwa pambo.

Tupige hesabu. Sasa anatumia yuniti 28 kwa siku. Wakati wa kuhamia pampu, mara nyingi daktari hupunguza abaki na asilimia 75 hadi 80, tuseme 22. Karibu nusu ni ya msingi: 11 kwa saa 24, yaani kama 0.45 kwa saa. Zilizobaki ni za chakula. Kwa kanuni ya 500 inayotumika kukadiria, ukigawa 500 kwa 22 unapata kama 23, maana yake yuniti moja inabeba takriban gramu 23 za wanga. Hizo ni namba za kuanzia tu, daktari ndiye anayezirekebisha kwa kuangalia vipimo, na asubuhi watoto wengi huhitaji zaidi.

Kwa mwezi ni yuniti 660, lakini kila ukibadilisha seti, mpira mtupu unameza yuniti kumi na zaidi kabla tone halijatokea kwenye ncha. Ongeza inayobaki kwenye hifadhi (kichupa cha ndani ya pampu) na kumwagwa. Kichupa cha ml 10 kina yuniti 1000, kwa hiyo kimoja kinatosha mwezi kwa kubanana. Seti hubadilishwa kila siku 2 hadi 3: maboksi yako mawili ni siku 40 hadi 60, na kwenye joto letu huenda yasifike mwisho huo. Baada ya miezi miwili nani atanunua? Seti na hifadhi za kampuni moja mara nyingi haziingii kwenye pampu ya kampuni nyingine.

Sasa lile linalonitia hofu zaidi. Anayechoma Mixtard ana akiba ya insulini ya polepole chini ya ngozi. Mwenye pampu hana. Kanula (kijibomba laini kinachoingia chini ya ngozi) ikijikunja au plasta ikibanduka usiku, ndani ya saa chache insulini imekwisha mwilini na ketoni (asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) zinaanza kujijenga. Tena kwa mtoto wa kiwango kidogo kama 0.45 kwa saa, kengele ya kuziba inaweza kuchelewa saa kadhaa, kwa sababu shinikizo ndani ya mpira linapanda taratibu mno. Usingoje kengele. Sukari ikizidi 14 (mmol/L) na baada ya kama saa moja ipo pale pale licha ya kubonyeza dozi, fanya hivi: choma dozi ya kurekebisha kwa bomba la sindano, usiipitishe kwenye pampu, ng'oa seti yote uweke mpya sehemu nyingine, pima ketoni. Za damu zikiwa chini ya 0.6 endelea kupima. Kuanzia 1.5 piga simu kliniki. Zikifika 3, au akitapika na kupumua kwa kasi, ni hospitali muda huo huo, na mkifika tu mlangoni semeni "ana kisukari". Hali hiyo hufanana sana na malaria kali au nimonia, na mtoto anaweza kutundikiwa dripu ya glukosi bila kupimwa sukari.

Kaka_Birmingham:
Namuunga mkono Nesi. Naongeza ya huku.

Kwanza shangazi ahakikishe pampu ni yake. Zile zinazotolewa na NHS, huduma ya afya ya serikali ya huku, kwa kawaida hubaki mali ya NHS na hurudishwa hospitali mtu akipewa nyingine. Desemba 2023 NICE, taasisi inayoamua matibabu yapi NHS itoe, iliidhinisha mfumo wa pampu na sensa (kifaa cha kubandika kinachosoma sukari) zinazowasiliana zenyewe kwa watu wengi wa aina ya kwanza, utekelezaji ukipangwa kwa miaka mitano, ndiyo maana ndugu wengi sasa wana pampu za zamani kabatini. Dhamana nyingi ni miaka 4. Ikishapita, pampu ikifa hakuna wa kukubadilishia.

Pili, saa. Watu hulidharau hili. Kiwango cha msingi kinafuata saa iliyomo ndani ya pampu: alfajiri kingi, usiku wa manane kidogo. Pampu iliyotoka huku iko nyuma yenu kwa saa 2 au 3 kutegemea majira. Na sisi tunaohesabu saa Kiswahili tuna mtego wetu: saa 2 asubuhi kwenye pampu ni 08:00, saa 12 jioni ni 18:00. Ukiiacha kwenye mtindo wa AM na PM ukakosea herufi moja, dozi ya mchana inaingia mtoto akiwa amelala, sukari inashuka usiku na hakuna anayeona. Weka mtindo wa saa 24, na mwambie yeyote anayeigusa asome tarakimu kama zilivyo. Mipangilio ya shangazi ifutwe yote. Dozi za mtu mzima zikibaki humo, kubonyeza mara moja kunatosha kumwangusha mtoto.

Jasho nalo. Kabla ya kubandika, osha ngozi kwa sabuni, kausha, na hapo pasipakwe mafuta ya nazi tangu jana yake. Plasta haishiki kwenye mafuta. Mtoto akicheza juani, insulini iliyomo kwenye pampu inachemka pamoja naye, kwa hiyo ivaliwe chini ya nguo. Akivuliwa ili aoge baharini, pampu isiachwe kwenye mchanga wala kwenye gari.

Bint_Mfamasia:
Kuhusu bibi: usimbishie mbele za watu, kaa naye. Mwambie, "Bibi, pipi hazikumletea. Kinga ya mwili wake mwenyewe imeua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na hakuna jani linalozirudisha." Kabla ya insulini, watoto wa namna hii walikuwa wanakonda na kufa hata wakinyimwa wanga kabisa. Wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14 kule Toronto, Januari 1922. Mlonge ni mboga, ale. Insulini isipunguzwe hata yuniti moja kwa ajili yake. Wanaosema "insulini inapofusha" mara nyingi wamewaona watu walioanzishiwa wamechelewa, macho yameshaharibiwa na sukari ya miaka.

Na mpe bibi kazi, maana ndiye anayeshinda na mtoto. Mfundishe sukari ikishuka chini ya 4 anavyokuwa: jasho la baridi, kutetemeka, hasira za ghafla, kuduwaa. Hapo ni nusu kikombe cha soda ya kawaida, isiwe ya "zero", au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Kichupa kinachotumika kikae chini ya nyuzi 30 na kwa kawaida kitupwe baada ya wiki 4. Vya akiba viwe friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu; iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Ujanja wa chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati unafaa sana Dodoma, ila Kigamboni hewa ina unyevu na maji hayakauki haraka, kwa hiyo usiutegemee peke yake.

MamaKigamboni:
Mungu awabariki. Sasa shangazi nimwambie atume nini?

Nesi_Kliniki:
Stripu zinazoingia kwenye mashine mliyonayo. Vipimo vinne kwa siku ni stripu 120 kwa mwezi. Aangalie tarehe ya kuisha. Akiweza zaidi, sensa za wiki mbili hivi, mbili kwa mwezi, pamoja na kisomeo chake.

Kliniki waombe wamtoe kwenye Mixtard: insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, na ya haraka kila mlo. Kwa sindano tu atapata sehemu kubwa ya faida ya pampu, na siku akipata pampu yenye vifaa vya uhakika atakuwa ameshajua kuhesabu wanga.

Anza na ugali. Pima unga mkavu kwa mizani ya jikoni: gramu 400 zina wanga kama 300. Songa, kisha pima ugali wote bila sufuria. Ukiwa gramu 1200, kila gramu 100 ina wanga 25. Kipande chake cha gramu 180 ni wanga 45. Sufuria ile ile, unga ule ule, na baada ya wiki mbili jicho litakuwa limezoea.