Ua la "jana, leo na kesho" limenishinda, ushauri wakuu

Bwana Uzio: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbezi, Dar. Mwaka jana nilinunua mche kando ya barabara, muuzaji akasema unaitwa "jana, leo na kesho". Nikaupanda chini ya ukuta mpya wa uzio. Ulitoa maua ya zambarau, siku ya pili yakapauka, ya tatu meupe pee. Nikajua ugonjwa. Sasa majani machanga yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Samadi nimemwaga ndoo mbili, wapi! Niung'oe?

Mjukuu wa Lushoto: Usithubutu! Kupauka si ugonjwa, ndiyo maana ya hilo jina. Kitaalamu ni Brunfelsia, kwao Brazili, na unapenda udongo wenye tindikali kidogo. Hebu niambie, ukuta ulipopigwa plasta, masalia ya saruji yalikwenda wapi?

Bwana Uzio: Aisee. Fundi aliyafukia palepale. Nilipochimba shimo nilikutana na mabonge magumu, nikayasukuma pembeni.

Mjukuu wa Lushoto: Basi mchawi umempata. Saruji ina chokaa, na udongo ukizidi chokaa madini ya chuma yanabanwa humo humo, mizizi haiyapati. Ingekuwa majani ya chini yanatangulia kuwa njano, ningesema nitrojeni, na samadi ingesaidia. Hamishia kwenye pipa lililotobolewa chini, mboji ya kutosha, jua la asubuhi. Duka la pembejeo ulizia busta ya majani, yaani mbolea ya kunyunyizia majani, yenye madini ya chuma.

Mama Miche: Naongezea: usipogoe hovyo. Subiri maua yaishe ndipo ukate, maana maua yajayo yanabebwa na machipukizi mapya.

Kaka Mfugaji: Una mbwa? Wa kwetu alitafuna matunda yake, akaanza kutetemeka, miguu ikakakamaa kama ubao. Tukajua katiliwa sumu ya panya, kumbe daktari wa mifugo akakuta mbegu kwenye matapishi. Alipona, ila tulikesha. Ni ukoo mmoja na nyanya na mnavu, lakini huu hauliwi.

Bwana Uzio: Mbwa ninaye, tena mlafi wa kutupwa. Pipa litakaa kibarazani juu, na matunda nitakuwa nayaokota mwenyewe. Shukrani wakuu. Fundi nimeshampigia, kaniuliza, "Kwani bosi, ua nalo linakula saruji?"