Naomba ushauri: nafuu ya ushuru kwa wapangaji wa Minnesota

Mpangaji_StPaul

Hamjambo wanajamvi. Naishi Saint Paul, jimboni Minnesota, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Mwaka wote wa 2024 nilipanga nyumba ya vyumba viwili na dada mmoja tuliyefahamiana kazini, mimi nikilipa dola 900 kwa mwezi na yeye dola 600 kwa sababu chumba changu ndicho kikubwa. Sasa tumefika katikati ya Machi na mwenye nyumba bado hajatupa CRP, kile cheti kinachoonyesha kodi ya nyumba tuliyolipa. Zamani nilijaza fomu ya M1PR peke yake, ile ya kudai nafuu hii ya wapangaji, na kutumiwa hundi, lakini jamaa mmoja ananiambia kwamba utaratibu huo umeondolewa, na kwamba kwa kuwa sidaiwi ushuru na jimbo, nafuu hiyo haitanisaidia. Je, ni kweli?

Baba_Kerubo

Dada, jamaa yako amepata la kwanza na kukosea la pili. Kuanzia mwaka wa ushuru wa 2024, mpangaji hatumii tena M1PR, ambayo sasa imebaki kwa watu wanaoishi katika nyumba zao wenyewe. Anaidai nafuu yake ndani ya fomu ya M1, ile ya ushuru wa mapato wa jimbo, akiambatanisha jedwali liitwalo M1RENT. Kuhusu la pili, nakusihi usimsikilize, kwa sababu pesa hizi hulipwa hata kwa mtu asiyedaiwa ushuru wowote, na hata yule ambaye kipato chake ni kidogo kiasi cha kutolazimika kujaza fomu anapaswa kuijaza ili azipate. Inaniuma kuona watu wetu wanaotoka zamu za usiku wakiacha haki yao hivi hivi.

Nyakio_Mhasibu

Naongezea juu ya cheti. Sheria inamtaka mwenye nyumba awape wapangaji CRP kufikia tarehe 31 Januari. Ikipita tarehe 1 Machi bila kukipata, unaruhusiwa kuiomba idara ya mapato ya jimbo ikutolee hati ya kiapo ya kodi iliyolipwa, yaani RPA, ambayo hutumika badala ya CRP. Kabla ya kupiga simu, weka mkataba wa nyumba mezani pamoja na risiti au nakala za hundi za kila mwezi, na uwe na jina na anwani ya mwenye nyumba.

Mpangaji_StPaul

Asanteni sana. Mkataba ninao na risiti zote ninazo. Je, nitaandikiwa zile dola 900 nilizolipa, au vipi?

Nyakio_Mhasibu

Hapana. Wapangaji wasiooana wanaoishi pamoja hupewa kila mmoja cheti chake, na kodi hugawanywa sawa kwa sawa bila kujali nani alilipa zaidi au jina la nani limo kwenye mkataba. Kwa hiyo kodi yenu ya dola 1,500 itahesabiwa dola 750 kwa kila mmoja. Najua kwako inaonekana si haki, lakini usijiandikie 900, kwa maana takwimu zako zitapingana na za mwenzako. Mwambie naye adai fungu lake.

Mkaazi_Brooklyn_Park

Ulizeni pia kama jengo lenyewe hutozwa ushuru wa mali, kwa sababu likiwa limesamehewa, kama yalivyo mabweni mengi ya vyuo, na mmiliki halipi chochote badala yake, mpangaji hastahili nafuu hii. Na kama serikali inakusaidia kulipa kodi, kinachohesabiwa ni kile ulichotoa mfukoni mwako.

Baba_Kerubo

Hati ikichelewa kupita tarehe 15 Aprili usiharakishe kutuma M1 bila M1RENT. Minnesota humwongezea kila mtu muda wa kuwasilisha hadi Oktoba bila kuombwa, na wewe umesema hudaiwi chochote, kwa hiyo hutapigwa faini kwa kusubiri. Lakini simu ya RPA piga kesho asubuhi.