Uchungu wa kweli na wa uongo: tuanze safari saa ngapi?

Baba_Kijacho
Wakuu, habari za usiku. Mke wangu ana mimba ya kwanza, wiki 38. Tangu jioni tumbo linakaza na kuachia, kisha linatulia. Kituo cha afya kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda. Tukiwahi wataturudisha, tukichelewa atazalia njiani. Tutajuaje kwamba ndio wenyewe?

Mkunga_wa_Kata
Chukua simu na daftari. Andika saa tumbo linapoanza kukaza na sekunde linazodumu. Nafasi huhesabiwa tangu kukaza kunapoanza mpaka kunapoanza tena. Wengi huanza kuhesabu likishaachia, wakaona dakika tatu kumbe ni nne.

Ukipata 3:00, 3:09, 3:16, 3:22, 3:27, huo unakuja. Ukipata 3:00, 3:20, 3:27, 3:55, bado. Andika kwa saa nzima, maana mara mbili tatu hazikuambii kitu.

Wakati huohuo anywe glasi mbili za maji, akakojoe, abadili mkao: aliyelala atembee, aliyekuwa anatembea alale ubavu wa kushoto. Kibofu kikijaa, au maji yakipungua mwilini, mfuko wa uzazi huchokozeka. Uchungu wa uongo hapo hupoa. Wa kweli haujali, unazidi tu, na mara nyingi huanzia kiunoni ukazunguka hadi chini ya kitovu. Mguse tumbo likiwa limekaza: la uchungu hasa ni gumu kama paji la uso, kidole hakizami.

Nesi_Leba
Sahihi kabisa, ila ile kanuni ya "kila dakika tano kwa saa nzima" inamfaa anayekaa jirani na hospitali. Kwa umbali wenu, ukishakuwa wa mpangilio kila dakika 10 na unazidi nguvu, ondokeni. Leba tunahesabu ndani ya dakika 10: mara tatu au zaidi, kila moja ikipita sekunde 40, hapo umekomaa. Kusubiri hali hiyo nyumbani ndiko kunakozalisha watu barabarani. Aliyewahi kuzaa awahi zaidi, njia yake hufunguka haraka.

Kurudishwa kusiwatishe. Kwa mimba ya kwanza, mlango wa uzazi unaweza kukaa umefunguka sentimita 2 au 3 tu siku nzima. Ulizeni kama kituo kina nyumba ya kusubiria wajawazito.

Ute mzito wenye damu kidogo nao usiwakimbize, unaweza kutangulia uchungu kwa siku kadhaa.

Dr_Zamu
Niongeze yale ambayo hayangoji daftari. Chupa ikipasuka nendeni hata kama hakuna maumivu. Avae pedi safi ili rangi ya maji ionekane. Ya kijani maana yake mtoto amejisaidia tumboni, kwa hiyo harakisheni. Ikionekana kamba ya kitovu ukeni, apige magoti, kifua chini na makalio juu, abaki hivyohivyo hadi msaada ufike, msiirudishe ndani. Damu inayotiririka, tumbo gumu lisiloachia, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege: hospitali papo hapo. Vilevile mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, na yeyote mwenye uchungu kabla ya wiki 37.

Mtoto akipunguza kucheza, msikubali maneno ya "anajiandaa kutoka". Mtoto mzima hucheza mpaka siku ya kuzaliwa.

Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, hapana. Mfuko hukaza bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka.

Baba_Kijacho
Asanteni sana. Tumeandika: 4:10, 4:31, 4:40, 5:15. Amekunywa maji, sasa amesinzia. Mtoto anacheza, hakuna maji wala damu.

Mkunga_wa_Kata
Mwache alale, akiamka ale. Asubuhi aende kliniki na kadi yake, apimwe mkojo. UTI nayo hukazakaza tumbo hivyo, na ina tiba. Wewe zungumza na mwenye bodaboda usiku huuhuu, au bora bajaji.