Makaburi ya mtaani Tanga yanabana: turudie ya zamani, twende nje ya mji au tusafirishe maiti?

Mwana_Ngamiani (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kikao cha mtaa kinakuja na ajenda ni makaburi. Yetu yamezungukwa na nyumba pande zote, na wachimbaji siku hizi wanapenyeza jembe katikati ya kaburi na kaburi. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi wa Jiji 273,332, ya 2022 ikatoa 393,429. Watu wanaongezeka, ardhi ya kuzikia ni ileile waliyotuachia wazee.

Yanayosemwa vibarazani ni matatu: kuzika tena juu ya makaburi ya zamani, kutafuta eneo jipya upande wa Pongwe, au kila mtu arudishwe kwao. Mie naegemea la kwanza. Lete maneno.

Ustadh_Makorora
Kurudia kaburi si uzushi. Baqii pale Madina wanazikwa watu tangu zama za Mtume (s.a.w.) mpaka leo, na wanarudia. Mashahidi wa Uhud walizikwa wawili na watatu kaburi moja kwa sababu ya dharura. Madhehebu yetu ya Shafi inaruhusu ikijulikana kwamba aliyemo amekwisha kuwa udongo. Kwa hiyo upande wa dini mlango uko wazi.

Kinachotuzibia ni saruji. Arobaini haijafika, kaburi lishamwagwa zege, limepakwa chokaa, limewekwa vigae na kijiukuta. Ardhi ile ni wakfu wa Waislamu wote, wewe umeshaifanya kiwanja cha ukoo. Nani atathubutu kulivunja hilo, hata miaka mia ikipita?

Mdigo_Halisi
Ustadh, kujengea hakukuanza jana. Nenda Tongoni hapo kusini, au Kaole kule Bagamoyo, makaburi ya mawe yenye nguzo yamesimama kwa karne nyingi.

Ustadh_Makorora
Ndiyo, na yako mangapi? Tongoni ni kama arobaini tu na kitu, ya wakubwa wa mji. Umma wa watu wa kawaida waliokufa miaka yote ile wamelala kwenye udongo, hawakumzuia mtu nafasi. Leo kila mmoja wetu anataka kuzikwa kama jumbe.

Mdigo_Halisi
Hapo umenikamata 😄

Nipo_Dar_Kwa_Sasa
Jifunzeni kwa wengine. Kinondoni huku kumejaa, anayezikwa pale mara nyingi ni mwenye ndugu tayari, wanambana pembeni. Nairobi, Lang'ata ilitangazwa imejaa tangu 1996 na bado watu wanazikwa humo. Singapore walikata shauri mapema: tangu 1998 kaburi ni la miaka 15, halafu mifupa inafukuliwa. Waislamu wao huzikwa upya kwenye nafasi ndogo zaidi.

London waliposhindwa na viwanja vya makanisa katikati ya mji, sheria ya 1852 ikaruhusu vifungwe, na 1854 wakafungua Brookwood, mbali nje ya mji, na treni maalumu ya kubeba maiti na wafiwa. (Reli yetu nayo inapita Pongwe, mtu asije akapata wazo.)

Mama_Chumbageni
Mnacheka treni lakini hapo ndipo penye kazi. Mtaani kwetu jeneza linatoka msikitini mabegani, vijana wanapokezana, muuza kahawa anaacha birika, mwenye baiskeli anaiegemeza ukutani anaingia katika safu. Maskini anazikwa na umati uleule wa tajiri, maana kutembea ni bure. Peleka makaburi Pongwe uone. Itatakiwa Fuso, itatakiwa mafuta, na watakaofika ni wenye nauli. Wazee wetu wanaokwenda kusoma Yasini kila Ijumaa ndiyo basi tena.

Eneo jipya litahitajika, sikatai. Ila atakayelipigia debe aseme na gari la mtaa atalitoa wapi.

Msambaa_Wa_Mjini
Sisi wa Lushoto hilo halitusumbui, tunarudi kuzikana kwetu, kando ya migomba. Michango ya msiba inalipa gari.

Mama_Chumbageni
Kaka, na aliyezaliwa Barabara ya 12, baba yake Barabara ya 12, babu yake Barabara ya 12, mtamrudisha wapi?

Msambaa_Wa_Mjini
Haya dada, kweli. Na hata kwetu mashamba yanagawanywa na kuuzwa, unakuta kaburi la bibi limeingia kwenye hati ya mtu baki. Si njia ya milele.

Fundi_Raskazone
Kuna waliouliza kaburi la ghorofa, wawili juu na chini. Panapo udongo mzito inawezekana. Huku kwetu karibu na bahari unachimba kidogo unagonga mwamba wa matumbawe, na sehemu nyingine maji yanakulaki. Msiahidi mtaa mzima kitu ambacho sururu haitaki.

Kijana_Usagara
Na kuchoma? Wakatoliki waliruhusiwa tangu 1963. Kenya, Profesa Wangari Maathai alichomwa 2011.

Ustadh_Makorora
Kwa Wahindu ni ada yao, tunawaheshimu. Kwa Mwislamu haipo. Tuendelee.

Karani_Mstaafu
Mleta mada, nami nipo na la kwanza, lakini lina sharti. Sheria ya London ya 2007 inaruhusu kurudia kaburi lililokaa miaka 75 bila kuzikwa mtu, baada ya kutangaza, na mwenye haki akipinga wanaliacha. Wanajuaje miaka? Wameandika. Sisi mchimbaji anajua kwa kugonga fuvu! Ukianza kurudia bila daftari, utafukua mtoto wa mtu aliyezikwa juzijuzi, na siku hiyo mtaa utapigana.

Wala msiichanganye na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Ile ni pale ardhi inapotakiwa kwa shughuli ya umma.

Mwana_Ngamiani
Daftari akae nalo nani, msikiti au mjumbe?

Karani_Mstaafu
Nakala mbili, kila mmoja yake. Jina, tarehe, safu, namba ya kibao cha mbao. Anzeni na wanaozikwa kuanzia sasa, ya zamani mtayaulizia kwa wazee pole pole wangali hai.

Mwana_Ngamiani
Basi kikaoni nitatanguliza la daftari, maana hilo halina wa kulipinga. La kupiga marufuku vigae nitaliweka mwisho, na nitamwomba Ustadh alisome yeye. Mie nina shemeji aliyejengea mwezi jana.