Kisu cha kukunja: nitie rondela za bronze ao nigonge msumari tu?

Nyundo_Birere (Goma)
Bakubwa, jambo. Niko namalizia kisu cha kukunja cha mteja, anakipitia Jumamosi. Kikifungwa, ubapa unalalia kushoto na kukwaruza bati la ndani. Nafikiria mambo mawili: kuagiza Kampala rondela za bronze (pete bapa za kukaa kati ya ubapa na bati), dola 12 pamoja na usafiri, ao kugonga kichwa cha msumari ambao ubapa unazungukia, mpaka ubapa unyooke. Mungechagua gani?

Tupa_ya_Kadutu (Bukavu)
Ndugu, unaomba dawa bila kutaja ugonjwa. Ubapa unabanwa na resori (chuma cha kunesa) mgongoni ao unashikwa na bati? Ubapa una unene gani? Umeshauzimisha kwenye mafuta ukiwa moto, ili ukomae? Na tundu la msumari ulitoboa na mashini gani?

Nyundo_Birere
Resori mgongoni. Ubapa mm 3, chuma ni resori ya Land Cruiser ya zamani. Nimeshauzimisha. Tundu… mashini ya mkono.

MzeeShaba (Lubumbashi)
Njo hapo! Rondela haiponyeshi tundu lililoinama.

Tupa_ya_Kadutu
Mzee amesema. Mimi nililipa ada ya somo hilo. Kisu changu cha tatu kilikuwa cha shemeji, muuza nyama. Nilitoboa bati la kulia, halafu la kushoto, kila moja peke yake, kwa kupima na jicho. Kikiwa wazi kilipendeza. Kikifungwa, ncha ilienda kuegemea bati kama mlevi ukutani. Nikagonga msumari upande mmoja kuuvuta ubapa. Ukakaa katikati, lakini ukawa mgumu hata shemeji akawa anaufungua kwa meno. Nikalegeza, ukarudi ukutani. Nikatia karatasi ya daftari pande mbili. Siku ya tatu damu ya nyama ikaingia, karatasi ikaoza, kisu kikanuka, na makali ya upande mmoja yalikuwa yamesagika kabisa. Nilirudisha pesa. Nyama aliyonipa kama avansi nilikuwa nimeshakula, na hiyo alinidai mpaka arusi ya binti yake.
Siku hizi nabandika mabati mawili kwa gundi, nayakaza kwenye etau (chuma cha kubana kazi mezani), natoboa mara moja.

Mama_Ateliye (Goma)
Kijana wangu, hizo dola 12 kula nazo sombe. Kwenye kisu cha resori, unene wa resori lazima ulingane na ubapa pamoja na rondela zake mbili. Wewe ulikata vyote kwenye chuma kimoja, sivyo? Ukitia rondela sasa, mabati yataachana na resori na mwanga utapita. Kata kipande cha kopo la soda, kitie mfereji kama uma, kipachike kati ya ubapa na bati wakati unagonga msumari, halafu kivute. Kile kinafasi kinachobaki kinatosha, na tone la mafuta.

MzeeShaba
Mama, kopo ni sawa kama tundu limenyooka. Kwanza atazame mgongo wa ubapa kama seremala anavyopima ubao. Pengine ulipinda ulipozimishwa. Asiuguse na nyundo ukiwa baridi, utavunjika! Aukaze kwenye chuma kilichonyooka, aupinde kidogo upande wa pili, aurudishe kwenye tanuri, nyuzi 200 hivi.

Lami_Kamalondo (Lubumbashi)
Kwa nini munateseka? Mununulie mteja Okapi. Ni kisu chetu, jina lenyewe la mnyama wa Ituri.

Tupa_ya_Kadutu
Chetu wapi? Kilianza Ujerumani 1902, mwaka mmoja baada ya wataalamu wa Uingereza kumpa okapi jina la kisayansi. Leo kinatengenezwa Afrika Kusini. Sisi tulitoa mnyama tu.

Lami_Kamalondo
Na shaba ya rondela tulitoa sisi 😀

Mama_Ateliye
Tafazali, mtoto ana mteja Jumamosi.

Nyundo_Birere
Aksanti, mama. Nimeutoa ubapa na kuutazama: umenyooka. Kumbe ni tundu. Naweza kulipanua mpaka mm 5 na kutia msumari mnene?

MzeeShaba
Na mashini ileile ya mkono?

Nyundo_Birere
Njo niliyo nayo, mzee.

Lami_Kamalondo
Okapi, nakuambia.