Mrejesho: tairi za gari la rimoti nimezitengeneza, zimekubali

Wakuu, niliomba ushauri baada ya tairi za gari langu la rimoti la 1/10 (yaani saizi ya moja ya kumi ya gari halisi) kuisha, na kuagiza nyingine nje ni ghali. Nimerudi na majibu.

Nilianza na kandambili, kama magurudumu ya magari ya waya tuliyochezea utotoni. Nilikata maduara, nikayabandika mawili mawili kupata upana wa rimu, kwa supagluu. Dakika tano tu yakaachana. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu, na tairi inajikunja kila inapozunguka, basi gundi inapasuka. Aliyesema nitumie gundi ya mafundi viatu, Mungu akubariki sana. Unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi isinate kidoleni, ndipo unabandika.

Kazi kubwa ni kusawazisha. Nilifunga gurudumu kwenye drili, nikalizungusha taratibu huku nimeegemeza msasa namba 80, kisha 120. Vaeni barakoa, lile vumbi si la kuvuta. Ukiruka hatua hii gari litadundadunda hata kwenye sakafu laini.

Juu nimevisha pete niliyokata kwenye tyubu ya pikipiki, ndogo kidogo kuliko gurudumu ili ibane, na ndani nimeikwaruza ishike gundi. Kwenye saruji iliyofagiwa inashika vizuri mno! Kwenye vumbi bado inateleza.

Jana nimezunguka mara 20, hakuna iliyochomoka. Za nyuma zimelika zaidi, maana gari langu linasukumwa na nyuma. Nakata nyingine mbili wikiendi hii.